Nyumba Isiyo na Ngano

Kila chama chetu kinapokutana kwa chai, sinia la mandazi hupita mkono kwa mkono mpaka likafika kona yetu. Likifika kwetu halipungui. Tunalipokea, tunampitishia jirani, tunasema, "Asante, tumeshiba." Wapo waliodhani tunaringa. Mmoja aliwahi kutuuliza kama tumefunga. Na mhadhiri wetu wa fasihi simulizi alishangaa siku mmoja wetu alipomwambia, "Mwalimu, mimi ngano haziniingii kabisa." Mwalimu alidhani anazungumzia hadithi za Sungura na Fisi tulizopangiwa kusoma wiki ile, akamjibu kwamba basi ajiandae kurudia mtihani. Kumbe mwenzetu alitaka kusema ngano hainiingii. Kosa la kiambishi kimoja tu, na kutoka unga tukaangukia kwenye hadithi.

Tunaandika makala haya ili tueleze mara moja kwa wote kwa nini sinia halipungui kwetu. Tunaandika pia kwa sababu tulijifunza kwa njia ngumu kwamba mtu anaweza kuacha ngano, nyama, maziwa na mayai, akajiona mwenye afya kuliko wote, kumbe anajidhoofisha kidogo kidogo. Hatungependa mwanachama mwingine apite njia hiyo.

Sisi ni watatu, tunapanga nyumba moja hapa Leicester. Tumekubaliana tusitaje majina, basi tutajiita kwa miji ya wazee wetu: wa Tanga, wa Mombasa na wa Bukavu. Sote tumekulia Uingereza. Kiswahili chetu ni cha jikoni: tunajua "njoo ule", "osha vyombo" na "umeshiba kweli wewe?" Mengine tumeyapata darasani.

Tuanze na wa Tanga, kwa kuwa kwake si hiari. Kwa miaka miwili alikuwa mtu wa kuchoka. Alilala saa kumi akaamka amechoka. Tumbo lilimjaa baada ya kila mlo, vidonda vya mdomoni haviishi, nywele zikabaki kwenye kitana. Mara aliambiwa ni wasiwasi wa mitihani, mara alale mapema. Shangazi yake alishuku jicho la watu. Hatimaye alipimwa damu, kisha akaingizwa kamera ndogo kupitia kinywani, na jibu likaja: ugonjwa wa siliaki.

Kwa wasioujua: ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika tumboni, kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba na kuvisawazisha vile vijinyuzi vidogo mno vinavyofyonza lishe. Mtu anakula, lakini chakula kinapita tu kama maji juu ya jani la mgomba. Ndiyo maana wengi hugunduliwa wakiwa na upungufu wa damu. Hapa Uingereza inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 100 anao, na wengi hawajui. Si mzio wa kawaida wala si mtindo wa kupunguza uzito. Dawa yake ni moja: kutokula gluteni maisha yote.

Tulipouliza nani aligundua kwamba ngano ndiyo kisa, tulikutana na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiwatibu watoto wa siliaki tangu miaka ya 1930 na alishaanza kuishuku ngano. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi iliingia njaa ya vita, mkate ukaadimika. Watu walikula hata vitunguu vya maua. Lakini watoto wa Dicke wenye siliaki, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake juu ya jambo hilo, na tangu hapo wagonjwa wakajua la kuepuka.

Wa Bukavu hadithi yake ni nyingine. Yeye aliacha mwenyewe. Akiwa na miaka 16 aliona jinsi kuku wanavyofugwa kwa maelfu ndani ya banda moja, akasema hatakula tena kitu kilichotoka kwa mnyama: si nyama, si samaki, si maziwa, si mayai, hata asali. Watu wa namna hii huitwa vegani, na jina hilo lilizaliwa hapahapa Uingereza mwaka 1944, mwaka uleule wa njaa ya Uholanzi, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Nyumbani kwao wa Bukavu habari hiyo haikupokewa kwa vigelegele. Mama yake alimtazama, akatazama sufuria ya sombe, akasema, "Sombe bila samaki iko majani ya mbuzi."

Wa Mombasa hana ugonjwa wala msimamo. Alihamia kwetu kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Nje ya nyumba anakula nyama kama simba. Ndani anakula tunachokula.

Sheria ya chungu kimoja ilikuja baada ya ajali. Mwanzoni kila mtu alijipikia. Jioni moja wa Mombasa alikoroga tambi zake za ngano, akaupangusa mwiko kwa kitambaa, akakoroga maharage ya wa Tanga ili yasiungue. Wema tu. Usiku kucha wa Tanga hakutoka msalani. Asubuhi tulikaa mezani, tukakubaliana: ndani ya nyumba hii hakutaingia ngano wala kitu cha mnyama. Mwiko wa zamani tuliutupa. Wa Mombasa, ambaye ndiye anayependa maneno, akasema sasa ngano ndiyo mwiko.

Tulijiona mashujaa. Kumbe ndipo tulipoanza kukosea.

Muhula ule wa kwanza tuliishi kwa rafu moja ya dukani, ile yenye vyakula "visivyo na gluteni". Mkate mdogo wenye bei ya mikate miwili, unaovunjika ukiupaka siagi ya karanga. Biskuti. Keki. Tambi za mahindi. Siku hela zikiisha tulikula chipsi na mchele mweupe, na kikombe cha chai ya rangi kila baada ya saa moja. Kila kitu kilikuwa halali kwa sheria zetu. Hapakuwa na ngano, hapakuwa na mnyama. Tukasema, basi hii ndiyo afya.

Mwezi wa pili, katikati ya baridi, nyumba nzima ilikuwa imelegea. Wa Tanga, ambaye ilibidi awe amepona, alikuwa anapanda ngazi kwa kupumzika. Wa Bukavu alianza kulalamika ganzi katika vidole vya miguu, kisha vya mikono. Alidhani ni baridi. Akanunua soksi nene. Ganzi ikabaki ndani ya soksi. Siku alipoangusha kikombe mara mbili bila kujua kwamba kinamtoka mkononi, tulimlazimisha aende kupimwa. Wa Tanga akamsindikiza, naye akapimwa.

Wa Tanga alikuwa bado na upungufu wa madini ya chuma. Utumbo wake ulikuwa unapona, lakini tulikuwa hatuupi cha kufyonza. Wa Bukavu alikutwa na vitamini B12 ya chini sana. Miaka minne alikuwa hajala kitu cha mnyama, na hajameza kidonge hata kimoja, kwa kuwa aliamini chakula cha asili kinatosha. Daktari alimweleza kwa upole kwamba vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, na sisi binadamu huipata kwa kula wanyama au vyakula vilivyoongezewa. Mwili huweka akiba ya muda mrefu, ndiyo maana mtu hajui mapema kwamba anaila akiba yake. Ikiisha, damu inaharibika na mishipa ya fahamu inaumia. Na mishipa ikiumia kwa muda mrefu, haina ahadi ya kupona. Alianza kuchomwa sindano wiki ileile. Ganzi ya mikono ilichukua miezi kuondoka. Kidole kimoja cha mguu, hadi tunaandika haya, bado hakijarudi sawasawa.

Jioni ile tulikaa kimya. Wa Mombasa ndiye aliyesema lililokuwa kweli: "Sisi tumekuwa hodari wa kutoa. Tumetoa hiki, tumetoa kile. Hatujauliza tunaweka nini."

Basi tukaanza kuuliza. Kwanza tuliuliza ngano yenyewe ilikuwa inatupa nini. Tulishangaa kujua kwamba hapa Uingereza sheria inataka unga wa ngano uliokobolewa uongezewe kalsiamu, madini ya chuma, thiamini na niasini. Mtu anayekula mkate wa kawaida anapewa lishe hiyo bila kuiomba. Mkate wa ile rafu yetu haulazimiki kuwa nayo. Tuliacha ngano na tukaacha pia kilichotiwa ndani yake, na hatukujua.

Pili tuliuliza wazee wetu. Hapa ndipo Kiswahili kilipoanza kutusaidia kuliko tulivyotegemea.

Kuna duka karibu na Belgrave Road tulilokuwa tunapita kila siku. Mwenyewe ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, yeye alikuwa kijana, na familia yake ikaishia Leicester kama maelfu ya wengine. Siku hiyo tuliingia tukisimama mbele ya mifuko ya unga, tukibishana kwa Kiswahili ili asituelewe. Akatusikiliza, akasema, "Vijana, hapa wimbi iko, mtama iko, uwele iko, unga ya dengu iko. Nyinyi nataka gani?"

Tulitahayari. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatukujua tofauti ya mtama na uwele. Mzee akatushika mkono kutoka mfuko hadi mfuko. Huu mwekundu ni wimbi, wengine huuita ulezi, huu wa uji. Huu mweupe ni mtama, fanya mkate mnene. Huu wa kijivu ni uwele, kula wakati wa baridi. Hii ya njano, dengu, haina ngano ndani, fanya bajia. Alituonya pia juu ya ile mvuje inayotiwa kwenye dengu, kwamba mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, tusome kopo kwanza. Tulitoka tumebeba kilo sita, na bei yake ilikuwa chini ya tuliyokuwa tukitoa kwa mikate minne ya ile rafu.

Tukampigia simu mama yake wa Mombasa. Tulitaka kujua mbaazi za nazi zitaliwa na nini kama hakuna mahamri. Alicheka. "Kwani mahamri yalikuja na Adamu? Kuna mkate wa mofa, wa mtama. Nyanya yangu akiuoka. Kuna vibibi. Kuna vitumbua. Vyote hivyo ni mtama na mchele." Kisha akatusomea vipimo vya vibibi: loweka mchele usiku kucha, saga na tui la nazi, iliki na hamira, acha uumuke, mimina kijiko kimoja kimoja katika kikaango. Hapana yai, hapana maziwa, hapana ngano. Tulikuwa tukinunua chapati za bandia kwa bei ya dhahabu, kumbe chakula chetu kiko kwenye simu.

Mama wa Bukavu alichukua muda zaidi, kwa sababu ya samaki. Lakini alipoambiwa habari ya ganzi alikuja kwa treni kutoka Sheffield na mfuko wa sombe ya barafu na chupa ya mawese. Alisimama jikoni kwetu, akatufundisha kwamba majani ya muhogo hayana haraka: yatwangwe, yachemke sana, sufuria iwe wazi, maana muhogo una sumu inayotoka kwa maji na moto. Aliuliza tunakula nini na bugali ya muhogo. Tukasema kachumbari. Akatikisa kichwa. Muhogo, alisema, unashibisha lakini haujengi. Kule Kongo kuna vijiji ambako watu walikula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila maharage wala samaki, wakapooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Tangu siku hiyo hakuna bugali nyumbani kwetu bila maharage, kunde, choroko au karanga katika sombe. Na sombe ya karanga bila samaki? Mama aliila, akanyamaza, akaongeza. Hakusema neno juu ya mbuzi.

Hivi ndivyo tunavyoishi sasa. Tunaeleza kwa ufupi, kwa yeyote atakayehitaji.

Jumapili usiku tunaloweka: maharage katika bakuli moja, kunde katika jingine. Nafaka na jamii ya kunde tunazila siku moja, kwa sababu nafaka zina upungufu wa kijenzi kimoja cha protini kiitwacho laisini, na kunde zinacho kwa wingi. Wali kwa maharage, uji kwa karanga, mofa kwa mbaazi. Wazee wetu hawakuliita hilo sayansi. Waliliita chakula cha mchana.

Asubuhi ni uji wa wimbi, tena mchachu, uliolala usiku mmoja. Gramu 100 za wimbi zina kalsiamu takriban miligramu 340, na mtu mzima hapa anashauriwa kupata 700 kwa siku. Kuuchachusha husaidia mwili kuyafyonza madini yake. Tunauongeza maziwa ya soya, yale yaliyotiwa kalsiamu, B12 na iodini. Iodini ndiyo madini joto tunayoyasikia nyumbani. Kenya na Tanzania huyatia katika chumvi, lakini chumvi ya hapa kwa kawaida haina, na watu wa hapa huyapata zaidi kwa maziwa na samaki. Asiyekula hivyo viwili ajue pa kuyatafuta.

Chai ilituuma zaidi kuiacha kuliko mkate. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mimea yasiingie mwilini. Sasa tunakula kwanza, pamoja na limau, pilipili hoho au chungwa, kwa sababu vitamini C huyasaidia yaingie. Chai inangoja saa nzima. Mgeni akija tunamweleza, asidhani tumekuwa wachoyo. Wanawake wa umri wetu wanahitaji miligramu 14.8 za chuma kwa siku, wanaume 8.7, na hazipatikani kwa chipsi.

Vidonge ni viwili, na viko juu ya meza karibu na chumvi ili visisahaulike. B12 ni kwa sote tunaokula mimea tu: mikrogramu 10 kila siku ndicho kiasi kinachoshauriwa na chama cha vegani cha hapa kwa atakayetumia kidonge. Vitamini D ni mikrogramu 10. Serikali hapa inashauri watu wote waifikirie kuanzia majira ya majani kupukutika hadi mwisho wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tuifikirie mwaka mzima, kwa kuwa jua la Leicester si jua la Tanga.

Dukani tunasoma. Sheria inataka nafaka zenye gluteni zionekane wazi katika orodha ya viungo, na chakula kinachoandikwa hakina gluteni hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 katika kila kilo. Hata hivyo ngano hujificha: mchuzi wa soya, vinywaji vya kimea, viungo vilivyochanganywa tayari, chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya sambusa. Na jambo moja tunalisisitiza kwa wanachama wote: ukishuku kwamba ngano inakudhuru, usiiache kabla ya kupimwa. Ukiiacha, kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Kama huna siliaki wala shida nyingine na ngano, wala huna sababu ya kuiacha, kula mandazi yako kwa raha.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu kuliko vidonge.

Bibi yake wa Tanga anaishi Coventry kwa shangazi. Idi ya mwaka juzi, miezi michache baada ya majibu ya hospitali, alikuwa amekanda na kusukuma chapati tangu alfajiri. Mwenzetu akaenda, akaamkia, akakaa mbele ya sahani, akasema hawezi. Alieleza kwa Kiswahili chake. Bibi akasikia neno ugonjwa, lakini machoni aliona mjukuu aliyekulia Ulaya anakataa mkono wake. "Moja tu, mjukuu wangu. Nimeisukuma mwenyewe. Chakula cha bibi kitakuua?" Watu walikuwa wanatazama. Mwenzetu akala. Siku tatu hakutoka kitandani. Bibi alipopigiwa simu alinyamaza mpaka shangazi akadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi mimi ndiye niliyemlisha sumu." Kwa miezi mingi hakumwita tena mjukuu wake kula. Aliogopa.

Ramadhani iliyofuata simu ikaja. Twende sote watatu, tukafuturu. Tulipoingia jikoni tulikuta karai jipya, mpini umefungwa uzi mwekundu. "Hili la mjukuu wangu," Bibi alimwambia kila aliyepita. "Atakayetia chapati humu tutagombana." Mezani palikuwa na mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbivu, viazi vitamu, kunde, bajia za kunde na vibibi. Sambusa ziliwekwa mbali, chumba kingine. Wa Bukavu, ambaye kwa miaka minne hajakaa kwenye meza ya watu bila kuuliza kilichomo ndani ya kila sahani, alinyoosha mkono akala tu. Tulimwona macho yamelowa, akasingizia pilipili.

Bibi akatuangalia tukila. "Hiki ndicho chakula chetu siku zote. Chapati ilikuwa ya sikukuu. Nyinyi mmezaliwa kila siku ni sikukuu." Kisha akaona wa Bukavu anameza kidonge chake, akauliza cha nini. "Sisi hatukumeza vidonge, na tuliishi."

Wa Tanga akamjibu, "Ndiyo, Bibi. Lakini nyinyi mlikula dagaa."

Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Hapo umenishinda. Meza, mwanangu, meza."

Katika neno hilo la dagaa ndimo lilimo funzo letu lote. Vyungu vya wazee wetu vimetuponya, lakini si kwa uchawi. Vilikuwa vimekamilika kwa namna yao, na anayetoa kitu ndani yake anadaiwa kurudisha kingine. Tukitoa dagaa, tunadaiwa kidonge. Tukitoa mkate, tunadaiwa wimbi na kunde. Hatuoni kwamba kidonge kinamvunjia bibi heshima, wala kwamba bibi anaivunjia heshima hospitali. Wote wawili wamekaa meza moja, nasi tumekaa nao.

Wa Tanga sasa anapanda ngazi zetu akiimba. Damu yake ilipopimwa tena ilikuwa sawa. Wa Bukavu bado anahesabu vidole vyake kila asubuhi. Wa Mombasa anasema amenenepa.

Mkutano ujao wa chai, tunaomba sinia lianzie kwetu. Tutaleta vibibi na bajia za kunde, na karai lenye uzi mwekundu tumeshaliomba kwa Bibi. Mandazi yenu yaleteni vilevile, ila kijiko cha huku kisiende kule. Na mwalimu wetu wa fasihi asiwe na wasiwasi: ngano haituingii nyumbani, lakini ngano za Sungura na Fisi zinatuingia vizuri sana, na mtihani tutapasi.